Miezi saba sokoni, na ukuta bado unasema haiuzwi

BARUA

Shikamoo Anti, pole na majukumu.

Naandika nikiwa nimechoka kweli. Sisi ni watoto wanne, mimi ndiye wa kwanza. Baba alifariki mwaka 2021 akatuachia nyumba Tabata Kimanga, aliyoanza kuijenga 1987 kwa mshahara wa bandarini, leo tofali kumi, kesho mfuko wa saruji. Ina vyumba vinne, kimoja masta, sebule kubwa, jiko, stoo, na banda la vyumba viwili uani. Mbele kuna fremu, amepanga dada wa saluni. Kiwanja ni mita 20 kwa 30 na kina hati, ila bado iko kwa jina la marehemu. Mama nimemchukua, nakaa naye Goba. Mahakama ya mwanzo ilimteua mdogo wangu wa kiume kuwa msimamizi wa mirathi, na wote tulikubaliana iuzwe.

Tumeitangaza tangu Juni. Bei milioni 150. Tulifika hapo kwa sababu ukimweka na mama tuko watano, kila mtu apate 30. Madalali wako sita au saba, wengine hata siwajui, nashtukia simu tu: "Dada, niko getini na mteja." Wameshakuja watu kama ishirini. Wanaingia, wanazunguka, wanatoka, "tutawasiliana". Mmoja tu ndiye aliyetaja bei, milioni 95, tukaona anatutukana.

Mwezi uliopita nilikuwepo mwenyewe. Alikuja baba mmoja na mkewe. Yule mama hakusema neno, alikwenda moja kwa moja chumba cha masta akaweka kidole gumba ukutani chini ya dirisha, akabonyeza. Rangi ilikuwa imevimba kama chapati kwenye kikaango. Ikabonyea, halafu likabanduka gamba kubwa kama sahani, na nyuma yake unga mweupe. Akajifuta kidole kwenye kanga yake, akamtazama mumewe. Sijawahi kuona aibu kama ile. Wakati wanatoka, mume akauliza mbona ukuta wa mbele ni kama una maandishi. Nikamwambia ni watoto wa mtaani.

Ukweli ni kwamba mwaka 2022, kwenye mvutano wa mirathi, baba mdogo aliandika pale kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI. Yaliisha, tukapaka nyeupe juu yake, ila jua la asubuhi likipiga yanaonekana. Baba mdogo anakaa kwenye banda la uani mpaka leo, hana tatizo na mtu. Wateja wakimuuliza kitu anasema tu, "Mimi sijui, waulizeni hao watoto."

Sasa mdogo wangu msimamizi anataka tukope milioni 18 tuweke dari ya jipsamu, madirisha ya aluminiamu, marumaru mpya na makabati ya jikoni. Anasema siku hizi bila jipsamu huuzi. Kitinda mimba wetu anasema huo ni upuuzi, tupake rangi tu, na ule ukuta wa chumbani tuupake siku moja kabla mteja hajaja. Mama anasema tusiguse kitu, hasa ile Peugeot 504 ya baba iliyo juu ya mawe uani tangu 2009. Vitu vya baba vyote vimo ndani kama alivyoviacha. Tena kuna harufu tusiyojua inatoka wapi, mteja akija tunapuliza dawa ya kunukia.

Na la mwisho, masika maji ya barabarani hupita uani, miaka mingine yanafika kwenye kifundo cha mguu. Tuseme au tunyamaze?

Tukijikamua wote tunaweza kupata milioni 4 bila mkopo.

Binti wa Kimanga

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa baba, na pole kwa lile gamba la rangi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliruka mambo ya jipsamu nikaenda kusimama kwenye aya ya baba mdogo, ambayo wewe umeiandika kama kitu cha kupita. Nyumba yenu imekwama hapo.

Nimefanya udalali miaka mingi, Kinondoni na Ilala, kabla magoti hayajanikalisha kuandika. Nyumba mbovu nimeziuza nyingi. Nimeuza isiyo na dari, nimeuza yenye mti ndani ya sebule. Nyumba yenye mashaka sijawahi kuiuza kwa bei yake hata moja. Na mji huu hauna mtu mzima asiyejua maana ya yale maneno matatu ukutani. Kuna anayeyaandika kwa kuogopa matapeli wasiuze nyumba yake akiwa safarini, na kuna ndugu wanaoyaandika wakiwa wamekorofishana. Mnunuzi akiyakuta yamepakwa nyeupe juu, hajisemei "yaliisha". Anajisemea "wameyaficha". Halafu wewe ukamwambia ni watoto wa mtaani. Mwanangu, watoto wa mtaani wanaandika majina ya timu za mpira. Hawaandiki herufi za nusu mita zilizonyooka.

Kisha anapita uani, anamkuta mzee wa makamo amekaa kwenye kigoda, anamsalimia, anamuuliza habari za nyumba, naye anajibu "waulizeni hao watoto". Hapo mteja ameshaondoka, ila miguu ndiyo bado iko kwenu. Wale watu ishirini sidhani kama walikimbia dari.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji fundi. Mchukue mama, mtafute na mzee mmoja wa ukoo ambaye baba mdogo anamheshimu, mwende mkakae naye. Msimpigie simu, na asitumwe yule kitinda mimba. Msianze na karatasi za mahakama. Yeye anajua kuwa mahakama ilitaja warithi na hakumtaja, hilo halihitaji kusomwa tena mbele yake. Muulizeni alibeba nini 1987. Nina hakika alibeba kitu, kama si tofali basi maji. Na muulizeni swali ambalo inaelekea hakuna aliyemuuliza: nyumba ikiuzwa, yeye atalala wapi? Umeniandikia ukurasa mzima wa mambo ya nyumba na hujaniambia baba mdogo anahamia wapi. Huenda hata yeye hajui. Ningekuwa mimi ningesema sijui vilevile.

Kubalianeni kifuta jasho chake na kodi ya chumba kwa muda fulani, itoke kwenye pesa ya mauzo kabla hamjagawana, iandikwe, asaini yeye na nyinyi wote na mashahidi. Wakili wa mnunuzi makini atataka kuona saini za warithi wote kwa vyovyote, mama akiwa wa kwanza. Ongezeni karatasi ya baba mdogo kuwa hana madai. Haina gharama kubwa, na ndiyo itakayomfanya mnunuzi alale usingizi.

Halafu, hapa ndipo ninapotaka unisikilize, mpeni yeye kazi ya kuonyesha nyumba. Yeye ndiye anayejua bikoni za mpaka ziko wapi, shimo la choo liko upande gani, msingi ulichimbwa kina gani na maji ya masika yanapita wapi. Wewe hujui, msimamizi hajui, madalali ndiyo kabisa. Mteja akiuliza kuhusu maandishi, ajibu mwenyewe: "Niliandika mimi, tulikuwa na mambo yetu, yameisha, na karatasi hii hapa." Ukuta wenyewe upigwe msasa, upakwe andakoti ya mafuta kwanza ndipo rangi, maana nyekundu hupenya nyeupe ya maji hata ukipaka mara tano. Upakwe ukuta mzima, mwisho kwa mwisho. Mkipaka mraba wa maandishi peke yake mtakuwa mmeyaandika upya.

Sasa milioni 18. Hapana. Tuseme benki inawapa kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka. Nyumba ikikaa mwaka mwingine bila kuuzwa mna milioni 3 za riba juu ya deni, na ndugu wanne wanaotazamana. Halafu jiulize nani ananunua Kimanga leo. Kuna familia inayotaka kuhamia. Na kuna mtu anayetazama kiwanja cha mita 20 kwa 30 chenye hati na fremu barabarani, akilini mwake ameshabomoa, ameshapandisha ghorofa za kupangisha. Huyo wa pili jipsamu yako ataipakia kwenye kirikuu pamoja na kifusi. Huyo wa kwanza naye ana mke, na mke ana rangi yake ya marumaru anayoiota. Mtamwekea ya kahawia, kumbe yeye anataka nyeupe. Dari ya zamani iliyonyooka haimkimbizi mtu. Inayomkimbiza ni ile yenye doa la maji lililojichora kama ramani, kwa sababu hapo haoni dari, anaona bati linalovuja. Mpandishe fundi juu azibe matundu, abadilishe zile mbao chache zilizooza, basi.

Kitinda mimba wenu naye, na rangi yake ya siku moja kabla, amekosea zaidi ya kaka yake. Ukuta mmoja unaonuka rangi mbichi ndani ya nyumba ya zamani unamwita mnunuzi kwa jina. Huyo mama wa kidole gumba angeenda hapohapo tena, na safari hii angebaki na rangi kidoleni.

Ule unga mweupe ni chumvi. Nyumba nyingi za enzi zile zilijengwa bila kuwekewa nailoni kati ya msingi na ukuta, kwa hiyo tofali linafyonza maji ya ardhini kama utambi wa kibatari, maji yanapanda na chumvi yake. Yakifika usawa fulani yanataka kutoka, yanakutana na rangi ya mafuta, yanaivimbisha. Dawa inaanza nje. Nenda katazame upande wa pili wa ukuta ule, chini ya dirisha. Nitashangaa usipokuta bustani ya maua iliyoegemezwa ukutani, au bomba linalovuja, au bati lisilo na mfereji wa maji ya mvua. Ondoeni hicho kwanza. Kisha fundi akwangue lipu mpaka tofali, kuanzia chini hadi juu kidogo ya pale unyevu ulipoishia, na mwache ukuta ukiwa uchi. Sasa ni Januari, kiangazi kiko nanyi mpaka mwishoni mwa Februari, madirisha yawe wazi mchana kutwa. Ukikauka ndipo lipu mpya, na rangi ya maji, si ya mafuta. Mteja akija katikati akaukuta uchi, mwacheni auone. Mwambieni "unyevu ulipanda, chanzo tumekitoa, tunasubiri ukauke". Nimeshaona mtu akipiga ukuta wa namna hiyo kofi la kirafiki, kama anayemnunua ng'ombe.

Harufu nayo naifahamu bila kufika. Nyumba haikaliwi, vyoo vya ndani havitumiki. Kwenye choo cha kukaa, kwenye sinki na kwenye tundu la bafuni kuna bomba lililopinda ambalo kazi yake ni kubaki na maji, na maji yale ndiyo kizuizi cha hewa ya shimoni. Miezi ikipita bila matumizi yanakauka, shimo linapumulia sebuleni. Mwageni ndoo ya maji kila tundu, kila wiki. Ikiwa bado inanuka, fungueni chemba, na lile shimo kama halijanyonywa tangu enzi za mzee, iteni gari la majitaka. Na dawa ya kunukia acheni, mwiteni mteja bila hiyo. Harufu ya waridi juu ya harufu ya choo ni mbaya kuliko choo chenyewe, tena inamwambia kuwa mlijua.

Mkiwa hapohapo, osheni simtanki, badilisheni koki zinazodondosha, wekeni umeme wa kutosha kwenye Luku ili kila swichi anayobonyeza iwake na kila pangaboi lizunguke. Haya ni mambo madogo, lakini mtu akifungua bomba likakohoa hewa tupu, huanza kuhesabu moyoni, na hahesabu kwa faida yenu.

Vitu vya baba. Hapa nitasema polepole kwa sababu mama yupo. Mteja anayeingia sebuleni akakuta picha ya marehemu yenye fremu nyeusi, makochi yamefunikwa vitambaa, kalenda ya 2021 bado ukutani, anashusha sauti. Anatembea kama amekuja siku ya tatu ya msiba. Mtu wa hivyo hapimi kabati lake litakaa wapi, anatafuta namna ya kuaga kwa heshima. Mleteni mama Kimanga siku nzima, si saa moja, achague vya kwenda naye Goba: picha, kiti cha baba, redio. Aondoke navyo siku hiyohiyo. Vingine gawaneni, vibovu vitoke, hasa yale majokofu nisiyoambiwa lakini najua yapo stoo. Nyumba isibaki tupu kabisa. Acheni makochi mawili na meza, kwa sababu mwanamke akikaa anaanza kuuliza shule ziko wapi, na mwanamke aliyekaa ana thamani kuliko mwanaume aliyesimama anagonga kuta. Yule dada wa saluni mwambieni mapema kinachoendelea na mkataba wake unaisha lini, asije akasikia kwa mteja.

Bei. Mlichukua idadi yenu mkazidisha kwa 30. Mngekuwa wanane mngesema 240? Soko halijui mko wangapi. Tafuteni mthamini aliyesajiliwa awape thamani kwa maandishi, mtaitumia kwenye kodi vilevile. Sijui kama 95 ilikuwa matusi. Najua kwamba yule alitaja bei akiwa ameona herufi ukutani, amesikia harufu na amemsikia baba mdogo, na bado akataja. Namba yake mnayo? Msasa na karatasi vikishaisha, apigiwe tena.

Na bei yenu siyo 150 huko nje, kwa taarifa yako. Madalali saba maana yake kila mmoja ameweka cha juu chake. Nyumba moja inatajwa 150 kwa huyu, 165 kwa yule, 180 kwa wa tatu, na mnunuzi anayetafuta Tabata anaongea na wote watatu. Anahitimisha kuwa wauzaji ni wengi na wenyewe hawaelewani. Bakini na wawili, kwa maandishi: bei ni moja, malipo yao ni kiasi gani, yanalipwa lini, na hakuna kuleta mtu bila kupiga simu siku moja kabla. Wengine waambieni imesimama kwa ukarabati, iondoeni kabisa kwa wiki sita. Nyumba iliyozungushwa sana huchakaa midomoni hata kama kuta ni mpya.

Ikirudi, pigeni picha wenyewe, mchana, madirisha wazi, mkisimama kwenye kona ya chumba, kamba ya nguo ikiwa tupu. Zile picha za madalali za saa moja usiku, taa moja na ndala mlangoni, zifutwe. Pigeni na barabara inayofika getini, wanunuzi wa Dar wanataka kujua gari linafika. Na wateja waje saa tatu au saa nne asubuhi, au saa kumi na moja jioni. Saa saba mchana bati limeshika moto, ndani ni tanuri, hata Ikulu haiuziki saa saba. Asubuhi mlikuwa mkiikwepa kwa sababu ya ule ukuta, sivyo?

Karatasi zianze wiki hii kwa sababu ndizo zinazochukua muda. Msimamizi aende ofisi ya ardhi aandikishwe kwenye hati kwa nafasi yake ya usimamizi, maana mnunuzi atafanya upekuzi wa hati na akikuta jina la marehemu atasubiri au ataondoka. Lipeni pango la ardhi la miaka yote. Watu wanalichanganya na kodi ya jengo. Ile ya jengo inakatwa kwenye Luku tangu 2021, hii ya ardhi hailipwi na Luku, inakaa inalimbikizana kimya. Bili ya maji iwe sifuri. Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida, na hati haihami mpaka mambo ya TRA yaishe, hivyo itajeni kwenye hesabu tangu sasa. Risiti za mafundi, saruji na rangi zitunzwe zote. Vyote hivi viwe nakala kwenye faili moja mezani, karibu na lile kochi.

Maji ya masika: semeni. Mkinyamaza mtasemewa. Mnunuzi mwenye akili akishaipenda nyumba hurudi bila dalali, usiku, kwa bodaboda, anasimama kwa Mangi ananunua soda anauliza: hapa maji yanafika? Mangi hana hisa kwenye mirathi yenu. Bora alisikie kwenu, tena wakati mmeshafanya kitu. Baba mdogo awaonyeshe njia ya maji, mtaro uzibuliwe na ujengewe kwa zege mpaka yatoke nje ya uzio, kizingiti cha mlango wa jikoni kiinuliwe tofali moja. Hapo nusu ya milioni 4 zenu iende bila kulalamika, ukuta wa chumbani, bati na ukuta wa mbele vichukue nusu ya pili. Na mkiwa na uhakika na mtaro, mwiteni mteja Aprili mvua ikinyesha. Nimeuza nyumba ya Kigogo namna hiyo, mimi na mnunuzi tumesimama barazani na miamvuli tunayaangalia maji yakipita pembeni. Alilipa bei niliyosema.

Imebaki 504. Siyo gari tena, ni banda la paka, na mteja akiiona anahesabu gharama ya kuiondoa. Lakini msiivute mama akiwa hayupo. Akiwapo, akiwa tayari, na kabla mtu wa vyuma chakavu hajafunga mnyororo, fungueni buti, inueni na viti vya nyuma. Hujanitajia kibali cha ujenzi wala stakabadhi za kiwanja, na wazee wa bandarini ninaowafahamu mimi karatasi za maana hawakuziweka kabatini.

Anti